Mlango wa Bi Dympna

Jumamosi ile mtaa wa Moore, jijini Dublin, ulifurika watu. Wauza matunda walinadi stroberi kwa sauti za kukwaruza, na katikati ya njia alisimama Fiachra, koti la njano limemkaa sawasawa mabegani, skafu ya bluu shingoni, mkononi kapu la beji zilizoandikwa NDIYO. Ulikuwa mwaka 2015, na Ayalandi nzima ilijiandaa kupiga kura: je, wanaume wawili, au wanawake wawili, waruhusiwe kufunga ndoa?

Alirudi nyuma bila kuangalia, akamgonga mtu aliyebeba trei ya soseji. Zikatawanyika chini.

"Wewe! Umeniulia soseji zangu!"

"Pole, kaka. Nadhani zilikuwa zimeshakufa kabla sijafika."

Yule mtu alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Aliitwa Lorcan, muuza nyama wa bucha ya pembeni. Alikuwa mrefu, amevaa aproni ya mistari, na mvi zilianza kumchungulia juu ya masikio.

"Chukua beji, iwe fidia," Fiachra alisema.

"Nikiivaa hii, vikongwe wangu watahamia bucha nyingine."

"Basi iweke mfukoni. Tutajua mimi na wewe tu."

Maneno hayo, mimi na wewe, yalimkaa Lorcan kifuani mpaka akafunga duka. Jioni akapiga namba iliyokuwa nyuma ya beji, ya ofisi ya kampeni, akamwomba "yule muuaji wa soseji."

Mapenzi yakaanza hivyo. Walitembea kando ya mfereji wakila chipsi kwenye karatasi, vidole vyao vikishikana kwa siri chini ya mikono ya makoti. Simu hazikukoma.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula. Na wewe umeninunia kwa nini leo?"

"Sijanuna. Nimekukumbuka tu, sauti yangu ndivyo ilivyo."

Kulikuwa na jambo moja tu. Lorcan aliishi kitongoji cha Cabra na mama yake, na mama yake hakujua. Utoto wote wa Lorcan, sheria ya nchi iliwahesabu wanaume kama yeye kuwa wahalifu. Alikuwa shuleni bado ilipofutwa, lakini hofu haikufutika nayo. Fiachra alielewa, akangoja. Hakuuliza hata nyumba yenyewe ilikuwa ipi.

Kisha kundi la Fiachra likapangiwa kuomba kura mlango kwa mlango katika mtaa mmoja huko Cabra. Aligonga mlango wa kijani, tabasamu tayari usoni. Ukafunguliwa na Lorcan, kitambaa cha vyombo begani.

Walitazamana. Ndani sauti ya mwanamke ikauliza, "Nani huyo?"

"Hakuna mtu, Mama. Ni wale wa kura." Akamgeukia Fiachra, macho chini. "Hatuhitaji. Asante."

Mlango ukafungwa.

Fiachra alipopokea simu ya Lorcan, sauti yake ilikuwa kavu. "Mwezi huu nimetukanwa kwenye milango mingi, Lorcan. Mmoja alinifungulia mbwa. Hakuna ulioniuma kama wako."

"Mpenzi, niliogopa."

"Najua. Hata mimi nilikulia hapahapa. Lakini kuniita hakuna mtu? Usinipigie tena."

Siku zilizofuata Lorcan alikata nyama vibaya na kula kidogo. Bi Dympna, mama yake, alimvumilia mpaka akachoka. Walikuwa jikoni wakimenya viazi.

"Tangu aje yule kijana wa koti la njano, huli."

"Kijana gani?"

"Yule uliyesema hakuna mtu. Nilimwona dirishani akiondoka, anafuta macho kwa skafu. Mtu halii hivyo kwenye mlango wa asiyemjua."

Lorcan akaweka kisu chini. "Mama, ni mwenzangu. Nampenda."

Bi Dympna aliendelea kumenya. Ganda refu likaning'inia, likakatika. "Baba yako angeondoka mezani."

"Najua."

"Mimi siondoki. Lakini niache nikasirike kidogo. Miaka yote hii umenifanya mgeni ndani ya nyumba yangu." Akamtazama. "Na kumwita mtu hakuna mtu! Sikukulea hivyo, mwanangu."

Kesho yake mvua ilinyesha mfululizo. Fiachra alipofika kwenye kituo cha kampeni, alimkuta Lorcan amelowa chapachapa, vipeperushi mkononi.

"Unafanya nini hapa?"

"Nimeomba nipangiwe mtaa wangu. Njoo unisindikize, kisha ukitaka unifukuze."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee Tuohy, mteja wake wa miaka mingi.

"Mzee wangu, unanijua," Lorcan alisema. "Nimekuja kuomba kura yako. Ni kwa ajili yangu mimi. Na huyu hapa." Akaushika mkono wa Fiachra.

Mzee aliwatazama, akatazama mikono yao, akafunga mlango taratibu.

"Nimepoteza mteja wangu wa figo," Lorcan alinong'ona.

"Figo zake nitanunua mimi."

"Wewe hata nyama huli!"

"Nitajifunza," Fiachra alisema, na hakuuachia ule mkono. Wakaenda mlango wa pili.

Siku ya matokeo, uwanja wa Kasri la Dublin ulijaa hadi getini. Bi Dympna alikuja na koti lake la kanisani, mkoba kaukumbatia, akisukumwa huku na kule na vijana waliojipaka rangi za upinde wa mvua. Ndiyo ilipotangazwa kushinda, kelele zilipanda, watu wasiojuana wakakumbatiana wakilia.

Lorcan alimshika Fiachra mashavu, akambusu mbele ya umma wote. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Nioe," alisema.

"Nikuoe? Mimi nilidhani wewe ndiye utakayenioa."

"Sasa nani anamuoa nani?"

"Oaneni basi," alisema Bi Dympna, akijifuta machozi kwa glovu, "miguu inaniuma."