Aliyeitika kwa Niaba ya Kifungua

Jioni ile Fundi alivuka barabara kwenda kuazima kisomea CD kwa jirani yake mwenye duka la kuchapisha picha. Kompyuta za siku hizi hazina tundu la CD, na yeye anayetengeneza za watu hakuwa na hicho kidude.

"Fundi mzima unaazima kisomea CD?" jirani alimcheka. "Kesho utakuja kuniomba taipureta."

"Nipe bwana, giza linaingia."

"Unataka kusoma nini?"

"Gemu ya marehemu kaka."

Jirani akaacha kucheka. Akakipangusa vumbi kwa ncha ya shati, akampa. "Kaa nacho tu. Sina haraka nacho."

Karakana ya Fundi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Nyuma ya pazia kulikuwa na korido nyembamba, na mwisho wa korido, chumba cha mama yake.

Mama huyo alijaliwa wana wawili tu. Wa kwanza alimwita Kifungua, kwa kuwa ndiye aliyefungua mimba. Wa mwisho, ndiye huyu Fundi, alimwita Kitinda. Majina ya shuleni walikuwa nayo, lakini mama hakuwa na habari nayo. Kifungua alikuwa mchoraji wa mabango, na daima alinuka mafuta ya taa aliyooshea brashi. Mama akimwita, hakuitika kama watu wengine. Aliitika, "Labeka, malkia!" Mama akacheka kila mara, kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Kisha Kifungua akafa, na akili ya mama ikamfuata nusu ya njia.

Tangu mazishi, mama hakulitaja tena jina la Kitinda. Kila jua likizama aliita, "Kifungua! We Kifungua!" Asipoitikiwa alilia mpaka pumzi zikakatika. Ndipo Fundi alipoanza kusimama koridoni, akaibana sauti yake na kusema, "Labeka, malkia." Mama alitulia. Fundi alirudi karakana kwa huzuni, maana hakuna alichokitamani duniani kama kumsikia mama akimwita yeye, kwa jina lake, walau mara moja kabla hajafumba macho.

Sitamsafisha. Kuitika kwa jina la maiti ni uongo, hata ukiusema kwa huruma, na wengi wetu tuna uongo wa namna hiyo majumbani. Mungu atusamehe.

Sasa Fundi alikuwa na wazo. Zamani Kifungua alipocheza ile gemu, ya mtu mdogo mwenye taa anayezunguka katika nyumba yenye vyumba vingi, mama alikaa karibu akifuma, na kale kamuziki kake kalimsinzisha. Akikasikia tena, huenda atalala bila kuita. Na uongo utakoma.

Gemu ikakataa. Skrini nyeusi tii.

Fundi alijua sababu. Gemu za zamani zikianza humwita kwa jina mchoraji aliyeishi ndani ya kompyuta za wakati ule, yaani programu ya kuchora, ili azichoree picha. Katika mashine mpya mchoraji huyo hayupo tena. Gemu huita, huita, hakuna wa kuitika. Dawa yake ni faili dogo unalolipa jina lilelile la yule wa zamani. Gemu ikiita, faili huitika, kisha hugeuka na kuiambia mashine mpya kwa lugha inayoielewa. Gemu haijui kamwe kwamba imedanganywa. Mafundi wana majina yao ya faili hilo. Fundi aliliita mwitikiaji.

Maelezo yaliyokuja na faili yalikuwa wazi: *niweke ndani ya folda ya gemu tu. Usiniweke kwenye folda ya mfumo.*

Akaliweka kwenye folda ya gemu. Skrini ikabaki nyeusi.

Mkewe akachungulia kupitia pazia. "Baba, saa ya sala."

"Tangulia. Nakuja."

Hakwenda. Jua lilikuwa linazama, na mama angeanza kuita wakati wowote. Kwa pupa akalichukua lile faili, akalibandika kwenye folda ya mfumo, pale ambapo kila programu hupita kuuliza. Alijua anachokifanya. Pale, mwitikiaji hasubiri gemu peke yake.

Humwitikia yeyote anayeita.

Skrini ikawaka. Kamuziki kakaanza, ti-ri-ri, ti-ri-ri... Mtu mdogo akasimama katikati ya chumba na taa yake. Fundi akatabasamu.

Kitanda cha mama kikalia.

"Kifungua! We Kifungua!"

Fundi akainuka, akafungua kinywa...

"Labeka, malkia."

Hakuwa amesema yeye.

Sauti ilitoka kwenye kompyuta. Haikubanwa, wala haikuigizwa. Ilikuwa ya Kifungua mwenyewe, na kale kakikohozi kake mwishoni. Kule chumbani mama akacheka, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia tangu msiba.

Karakana ikaanza kunuka mafuta ya taa.

Fundi akalitafuta lile faili, akabonyeza kufuta. Mashine ikamjibu kwa maandishi: *Haliwezi kufutwa. Linatumiwa na mwingine.*

"Nani?" akanong'ona.

Kwenye skrini yule mtu mdogo akageuka, wala Fundi hajagusa kitufe. Akaja mbele, akaja, akainua taa kama anayemulika nje ya dirisha. Akamtazama. Kisha akatembea kuelekea pembeni, akatoka. Chumba kikabaki kitupu.

Fundi akachomoa waya. Giza.

"Kifungua, njoo unifunike. Nasikia baridi."

"Labeka, malkia."

Safari hii sauti haikutoka kwenye mashine.

Ilitoka koridoni.

Ndala zikaburuzwa sakafuni... taratibu... kuelekea kwa mama.

Mkewe akaingia mbio, kitambaa cha sala bado kichwani. "Umeitika wewe?"

"Sikuitika."

"Usinitanie, Baba. Nimesikia."

"Mke wangu, sijafungua mdomo."

Wakashikana mikono, wakaenda. Mama alikuwa amelala, anatabasamu, amefunikwa vizuri hadi shingoni. Lilikuwa lile blanketi zito lililowekwa juu ya kabati, ambalo mama hakuweza kulifikia hata kwa kiti. Kwenye upindo wake kulikuwa na alama ya kidole, ya rangi ya bluu. Mbichi.

"Umeleta nini humu ndani?" mkewe akanong'ona.

"Faili tu. La kuitika badala ya aliyeondoka."

Mkewe akaitazama ile alama ya bluu. "Hilo si geni humu. Wewe umekuwa ukifanya hivyo tangu msiba. Kuna kitu kilikuwa kinakusikiliza, kinajifunza. Leo umekipa pa kukaa."

Fundi alifuta mashine nzima, akaivunja CD, wakasali chumba kwa chumba. Hakukosa sala tena. Mama naye akaacha kuita. Siku zikapita, jua likazama na nyumba ikawa kimya, mpaka Fundi akathubutu kusema kwamba yameisha.

Jioni moja alitoka kumrudishia jirani kisomea CD. Mkewe alikuwa uani anaanua nguo. Fundi alikuwa hajavuka barabara aliposikia sauti ya mama kupitia dirishani. Ilikuwa safi, ya zamani, ya mtu mwenye akili zake zote.

"Kitinda! Kitinda mwanangu, uko wapi?"

Machozi yakamjaa papo hapo. Kidude kikamponyoka, kikapasuka chini. Akageuka, akakimbilia mlangoni, akafungua kinywa...

"Naam, mama," ikaitika sauti yake, kutoka ndani.

Akaganda kizingitini.

"Njoo karibu, nikuone," mama akasema. "Nimekukumbuka sana."

"Nakuja, mama."

Ndala zikaburuzwa koridoni. Fundi akataka kupiga kelele kwamba yuko hapa, yeye ndiye, huyo siye. Mdomo ulikuwa wazi. Sauti haikutoka.

Na mwisho wa korido, mlango wa chumba cha mama ukafungwa, taratibu, kwa ndani.