Kurasa Ambazo Emérence Hakuzisoma

Kila alipotoka shule, Emérence alivua viatu vyenye tope mlangoni, akala upesi, kisha akaenda kumsomea baba yake. Walikaa Kadutu, katika zile nyumba za Bukavu zilizopandana mlimani, ambako mtu akimwaga maji ovyo jirani wa chini huanza kulalamika. Papa Floribert alikuwa akimsubiri sebuleni, amefungwa bandeji. Jicho lake la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni, karibu halioni. La kulia lilikuwa limepasuliwa karibuni, na daktari alimkataza kabisa kutazama simu hadi lipone.

Msidhani kwamba Papa Floribert alisomewa hadithi za kumbembeleza mgonjwa. Kusoma ndiyo ilikuwa kazi yake. Chama cha akiba cha walimu na wauguzi kilimwajiri awatafutie wanachama biashara za kuwekeza fedha zao. Alitafuta biashara nzuri inayouzwa kwa bei iliyo chini ya thamani yake, akashauri chama kinunue sehemu yake na kutulia nayo miaka mingi. Vijana wa ofisini walimpigia simu mara kwa mara wakitaka kujua wasome nini mtandaoni ili nao waijue kazi hiyo.

"Musome ripoti za kampuni zenyewe," aliwajibu, "si sifa za watu wa Facebook. Musome bei ya kahawa ya miaka mingi, si ya leo tu. Na ripoti muanzie nyuma! Kule mbele wanaweka picha za watu wanacheka. Mambo yenye kuuma iko nyuma, kwa herufi ndogondogo."

Vijana walicheka, lakini walitii. Emérence yeye hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alisoma Kifaransa bila kukwama, na kwa maoni yake ripoti zilichosha kuliko foleni ya bombani. Hata hivyo alijivunia kazi ile. Shuleni alijisifu kwamba baba yake hakuweza kuamua jambo bila yeye.

Juma moja chama kilikuwa kikifikiria kununua sehemu ya kampuni ya kahawa yenye kituo cha kuoshea buni huko Kalehe. Ripoti yake ya mwaka ilikuwa kwenye mtandao. Papa Floribert alimpa Emérence simu yake akanunue mega, yaani kifurushi cha intaneti, akamwambia waziwazi kwamba mega zile ni za ripoti tu.

Njiani akakutana na Carine, rafiki yake wa darasani.

"Umeona ile danse mupya?" Carine akauliza. "Fungua kidogo tu, tuangalie."

Kidogo tu! Mnajua wenyewe "kidogo tu" ya video inavyokwenda. Walitazama ya kwanza, wakatazama ya pili, wakaanza kucheza pale kando ya barabara hadi mama mmoja muuza makaa akawaambia wasogee wasimwage makaa yake. Emérence alipofika nyumbani na kufungua ripoti, kurasa za mbele zilitokea vizuri, na picha za watu wanaocheka zikiwemo. Kurasa za nyuma zilibaki nyeupe. Mega zilikuwa zimekwisha.

"Anzia nyuma," baba akasema, akajiegemeza kitini. "Maelezo ya mwisho inasema nini?"

Emérence alitazama kurasa nyeupe. Angesema mega zimekwisha, angeulizwa zimekwendaje.

"Hakuna maelezo, papa," akasema. "Wanaandika tu kwamba hawana kitu cha kuongeza."

"Hawana kitu?" Papa Floribert akageuza uso wake uliofungwa. "Ajabu. Umeangalia muzuri?"

"Nimeangalia, papa."

"Basi kampuni ni safi kweli. Soma ya mbele, mutoto yangu."

Akasoma. Baba alitabasamu aliposikia habari za mashine na za wanunuzi wa ng'ambo. Mwisho alimpigia simu Guy, mwenzake wa ofisini, akamwambia aandike kwamba yeye Floribert ameisoma ripoti mpaka mwisho na anashauri wanunue. Wanachama wangeamua Jumamosi.

Mambo yalizidi kuwa mabaya jirani yao, Maman Mélanie, alipokuja kumsalimia mgonjwa. Maman Mélanie alikuwa muuguzi aliyekaribia kustaafu, na alikuwa amewahi kukesha na Emérence alipougua malaria kali.

"Papa Floribert," alisema kwa furaha, "wengine wako na woga, lakini miye nimewaambia: Floribert akisema amesoma, amesoma. Akiba yangu yote naiacha mu mikono yako."

Emérence alikwenda jikoni, akajifanya anaosha sahani zilizokwisha oshwa. Mama yake alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, na huo ukawa uongo mwingine.

Ijumaa Emérence alitumwa tena kununua mega. Akajifungia chumbani na kuifungua tena ripoti, akiomba kimoyomoyo kwamba kurasa za nyuma ziwe kweli hazina kitu. Kitu kilikuwapo. Kwa herufi ndogo iliandikwa kwamba maji ya kuoshea kahawa yalitoka kwenye chemchemi ya familia za jirani, kwamba mkataba wa maji ulikuwa unakwisha mwaka huohuo, na kwamba familia hizo zilikuwa zimekataa kuurefusha na zimekwenda mahakamani. Mtoto wa Kivu hahitaji kuelezwa kwamba kituo cha kuoshea kahawa kisicho na maji hakioshi kitu. Emérence alitoka kwenda kusema, akamkuta baba anajaribu shati lake la mkutano kwa kupapasa vifungo. Akarudi chumbani bila kusema.

Jumamosi asubuhi alimshika baba mkono kumpeleka kwenye ukumbi wa parokia. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya Kadutu ikilowa huteleza vibaya.

"Papa, hapa kuna mufereji. Inua muguu."

Papa Floribert akainua mguu palepale, bila kuuliza, bila kupapasa. Emérence akasimama. Machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Papa, nilikuambia bongo, nilikudanganya. Nyuma ya ripoti kuna maelezo. Nilimaliza mega kwa video, sikuyasoma."

Pikipiki zilipita zikirusha tope, na baba akabaki amesimama.

"Umeyasoma sasa?" akauliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Soma."

Emérence akatoa simu, akasoma palepale njiani. Baba akamtaka arudie sehemu ya maji. Kisha akasema, "Twende."

Ukumbini watu walikuwa wamejaa, na wengine walikwisha kuinua mikono kukubali. Papa Floribert akaomba kusema kwanza.

"Niliwaandikia kwamba nimesoma ripoti mpaka mwisho. Sikuisoma. Nilisomewa nusu, na ile nusu nyingine sikuitafutia mutu wa pili wa kuhakikisha. Kosa ni yangu. Sasa musikilize."

Emérence akasoma mbele ya wote. Ukumbi ukalipuka kwa makelele.

"Kwa hiyo akiba yetu ilikuwa mu mikono ya mutoto?" akafoka mwalimu mmoja, Jean-de-Dieu. "Na ninyi munamulipa huyu!"

Papa Floribert aliinamisha kichwa. Emérence alitamani aitwe yeye, atukanwe yeye, lakini hakuna aliyemwangalia. Maman Mélanie pekee alimtazama, na hakutabasamu.

Wanachama waliahirisha ununuzi, wakamtuma Guy na wenzake wawili Kalehe. Waliporudi walisema chemchemi imezungushiwa uzio na mashine zimesimama. Chama hakikununua. Akiba ya watu ilipona. Lakini kamati ya chama iliagiza pia kwamba, hadi jicho lipone, ripoti zote zisomwe na Guy, na Papa Floribert ashauri akiwa naye.

Kijana huyo alipokuja mara ya kwanza na kukaa kwenye kiti cha Emérence, msichana alilia jikoni bila kujificha. Guy alipoondoka, baba akamwita.

"Papa, unanikasirikia juu ya mega?"

"Mega nini! Mega tunanunua zingine." Papa Floribert akamshika bega. "Sikiliza. Ningekuwa naona, ungeniambia kwamba hakuna maelezo?"

Emérence akafikiri. "Hapana, papa. Ungeona."

"Basi hiyo ndiyo iliniuma. Ulinidanganya kwa sababu sioni. Maman Mélanie naye hakuona ripoti, aliniamini miye. Na miye nilikuamini weye. Kila mutu aliweka muguu pale mwenzake alimwambia aweke."

Akashusha sauti.

"Mutu akikuuliza kitu na hujui, sema hujui. Atakasirika kidogo, halafu atatafuta njia ingine. Lakini ukimwambia 'nimeangalia' na hukuangalia, unamunyima hata nafasi ya kutafuta. Barabarani ulisema kweli ukiwa na aibu, na wale watu wote wakapona. Sasa vaa viatu. Maman Mélanie iko nyumbani kwake, na utaenda kumuambia weye mwenyewe."

"Peke yangu, papa?"

"Peke yako."

Emérence akavaa viatu. Alipofika kwa jirani alibisha hodi, na mlango ulipofunguliwa akaanza, kabla hajakaribishwa, kueleza alivyomdanganya baba yake.