Joto Lisilo la Pasi

Mpiga pasi aliamka akakuta upande wa mumewe kitandani hauna hata kunjo. Ulikuwa mwezi wa tatu sasa tangu mumewe, seremala, aanze kulala sebuleni kwenye kochi. Aliuvuta mto aliouacha mumewe, akaunusa. Bado ulikuwa na harufu ya mbao.

"Amenichoka," alijisemea. Tangu hedhi ikome, tumbo lilikuwa limeongezeka, na joto lilimpanda ghafla hata akiwa amelala.

Kibandani kwake, wateja wakimwona anatokwa jasho, alisingizia pasi. Joto likimpanda, alifungua soda baridi.

Asubuhi hiyo mkunga wa mtaani alikuja kuchukua sare yake.

"Mama, hiyo soda ya ngapi?"

"Usinihesabie, mwanangu. Pasi inanichoma mimi, si wewe."

"Pasi yenyewe hujaiwasha, mama."

Wakacheka. Kisha mpiga pasi akafuta machozi. "Mzee amehamia kwenye kochi."

Mkunga akavuta kiti. "Hedhi ikikoma, homoni hupungua. Ndiyo maana joto linapanda na usingizi unakatika. Mafuta nayo hukaa zaidi tumboni. Sukari na presha zinaweza kupanda kimyakimya, na soda inachochea."

"Kwa hiyo naumwa?"

"Kukoma hedhi si ugonjwa. Lakini sukari ikizidi huharibu moyo na macho. Twende kliniki upimwe. Hata hilo joto lina tiba, ukiuliza."

Alipimwa. Sukari ilikuwa imeanza kupanda, ila haijawa kisukari. Alishauriwa aache soda, apunguze wali, aongeze mboga na maharage, na atembee kila siku. Alipewa na dawa ya joto.

Jioni alimweleza mumewe. Seremala akashika kichwa.

"Nami nilidhani umenifukuza! Kila nikikusogelea, unanisukuma."

"Nilikuwa nawaka, mwenzangu! Ngoja kwanza joto litulie."

"Nitangoja. Lakini kochi lile nimelitengeneza mwenyewe, na sasa nalichukia."

Basi wakawa wanatembea kila jioni, kama enzi za uchumba, chupa ya maji mkononi. Wakati mwingine mkono wa seremala uligusa wa mkewe, na hakuna aliyeuondoa.

Baada ya miezi kadhaa alipimwa tena. Sukari ilikuwa imeshuka. Tumbo lilipungua kidogo tu, lakini usingizi ulirudi.

Siku hiyo seremala alisimama mlangoni mwa chumba, blanketi begani.

"Joto likija je?" mkewe akauliza.

"Nitafungua dirisha. Mto wangu uko wapi?"

"Huu hapa. Nimeulalia tangu ulipoondoka."