Kiti cha Upande wa Abiria

Haya yalimkuta jirani yangu Verlin, mtu asiyeweza kutunga hata uongo wa kuchelewa kazini.

Baba yake tulimzika mwezi wa tano. Agosti ilipofika, Verlin akalitoa gari la mzee, Buick ya mwaka hamsini na saba, alipeleke Detroit kwenye msafara wa magari ya kale. Miaka ya mwisho walikwenda wote, Verlin akiendesha, mzee akivuta sigara pembeni.

"Limekuzidi umri hilo," nikamtania. "Utafika ukilisukuma!"

"Basi njoo tusukume," akajibu bila kucheka. Tangu mazishi alikuwa hivyo, kama aliyechomwa sindano ya ganzi.

Akaondoka Toledo peke yake, madirisha yote yamefungwa. Njiani mbingu ikafunga, mchana ukawa giza, mvua ikapiga bati hata injini isisikike. Katikati ya kelele ile akasikia tak! Kiberiti cha dashibodi, kile cha kuwashia sigara, kilikuwa kimeruka nje, chekundu kwa moto. Kile hakiwaki mpaka kibonyezwe.

"Hukuogopa?" nilimwuliza.

"Sikuhisi kitu. Niliendelea kuendesha."

Alipofika, watu wamejipanga kando ya barabara na viti vyao vya kukunja, akazunguka kufungua mlango wa abiria. Dirisha lilikuwa limeshushwa vidole viwili, kama mzee alivyozoea kutoa moshi. Mvua ilikuwa imeingia, kiti kimelowa chapachapa, isipokuwa pale panapotosha kukaa mtu mmoja.