Dubu Aliyevaa Beji ya Shangazi

Kila likizo mama hunikabidhi kwa shangazi kama mtu anayekabidhi mbuzi mkorofi kwa mchungaji mvumilivu. Sababu haifichi: nikibaki nyumbani, nyumba haitabaki. Shuleni bweni zima huniita Mheshimiwa, kwa sababu ya hotuba ndefu ninazotoa mbele ya matroni kila ninapokamatwa.

Shangazi ni mpiga picha wa eksirei. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika hospitalini. Yeye alifuta meza ya kulaza wagonjwa, akawasha mashine, akavaa koti jeupe lenye beji ndogo ya plastiki kifuani. Mimi nilikuwa na kazi tatu: kukaa kwenye benchi la nje, kupanga fomu na kutogusa kitu. Ya tatu ndiyo iliyonishinda.

"Hiyo beji inakulinda?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Hata kidogo. Ninalindwa na ule ukuta wenye madini ya risasi ninaosimama nyuma yake. Beji inahesabu tu. Mionzi huioni, huisikii, haina harufu. Kila mwisho wa mwezi maabara wanaisoma beji, wananiambia nimepata kiasi gani."

"Mbona wagonjwa hawavai?"

"Mgonjwa anapata tone moja, tena kwa sababu daktari anataka kuona mfupa au pafu lake. Tone moja halimloweshi mtu. Mimi niko hapa kila siku, mwanangu. Nisipojihadhari, nitakuwa kama aliyesimama mvuani mwaka mzima."

Tena siku zile alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Alikuwa na ujauzito wa miezi minne, baada ya kungoja miaka tisa.

Sasa nieleze uhalifu wangu. Mwisho wa meza ya eksirei alikaa dubu wa kitambaa, wa kuwabembeleza watoto. Asubuhi moja, shangazi alipoacha koti lake kitini na kwenda kunawa mikono, nilimwajiri dubu yule kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe. Nikambandika beji ya shangazi kifuani, nikamgeuza kidogo ili isionekane upesi. Nilitarajia aigundue baada ya dakika tano, tucheke, niitwe mtundu, basi.

Lakini siku hiyo wagonjwa walifurika, na shangazi alivaa koti bila kujitazama. Jioni nikaona mzaha umechacha. Nikairudisha beji kwenye koti kimyakimya, nikajipongeza kwa kutokamatwa.

Wiki tatu baadaye majibu ya maabara yalifika. Beji ya shangazi ilikuwa imesoma mionzi mara nyingi zaidi ya kawaida yake. Mkuu wa idara alifunga chumba cha eksirei siku hiyohiyo, akihofia kwamba ukuta unavujisha mionzi. Wagonjwa wakaelekezwa hospitali nyingine, mwendo wa saa mbili. Shangazi akahamishiwa dirisha la kuandikisha wagonjwa.

Jioni nilimkuta chumbani kwake akikunja vinguo vya mtoto na kuvirudisha mfukoni, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga duka.

"Mbona unavirudisha?" nikauliza.

"Mpaka nijue kama mtoto yuko salama. Sitaki kuvitazama."

Mimi, bingwa wa hotuba, sikupata hata utangulizi. "Shangazi, ile beji aliivaa dubu," nikasema.

"Mheshimiwa, leo sina nguvu za mzaha."

"Si mzaha. Nilimvalisha mimi, siku ile wagonjwa walipofurika. Alikaa nayo mezani kutwa nzima."

Alitikisa kichwa, akaendelea kukunja. Nimezoea kutosadikiwa ninapodanganya. Kutosadikiwa huku nikisema kweli lilikuwa jambo geni kwangu, na sikulipenda.

Kesho yake nilirudia maneno hayo mbele ya mkuu wa idara na mkaguzi wa mionzi, mzee mkavu aliyekuwa amepima ukuta ule asubuhi nzima bila kuona tatizo.

"Nakusikia, binti," alisema mkaguzi. "Ila mtu anaweza kusema lolote ili kumwokoa shangazi yake. Namba haifutwi kwa maneno."

Shangazi akainua kichwa. "Siku hiyo kulikuwa na mtoto mwenye kikohozi aliyekataa kumwachilia dubu. Picha yake ya kwanza iliingia kivuli. Nilidhani ni kifungo cha dubu, nikamsogeza, nikapiga tena."

Mkaguzi alifungua picha ile kwenye kompyuta. Pembeni ya mbavu nyembamba za yule mtoto palikuwa na kivuli cha pembe nne, chenye kibanio chake juu. Mkaguzi alivua beji yake mwenyewe, akaisogeza kwenye kioo. Vililingana kabisa.

"Haikuwa kifuani kwako," akamwambia shangazi. "Ukuta ni mzima, na beji zako za miezi mingine yote ni safi. Mwanao yuko salama."

Shangazi alikaa chini, akafunika uso kwa viganja. Kisha akanigeukia, macho yakiwa bado na machozi.

"Yule mtoto alipigwa picha mbili badala ya moja. Ni kidogo, haitamdhuru. Lakini hakustahili hata hicho kidogo, na alikipata kwa sababu yako. Mimi nami nilikosea kuvaa koti bila kuangalia. Lako lina uzito zaidi: ulijua wiki tatu, ukanyamaza."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Aproni zote za risasi tunazojikingia mionzi utazifuta wewe mpaka likizo iishe. Na ushike hili: mionzi inatibu na inaumiza, kwa hiyo lazima ipimwe. Kipimo kikidanganywa, hakuna anayejua yuko salama au la. Ukweli nao usiucheleweshe. Ungeusema jioni ileile, ungekugharimu karipio moja tu."

Aproni zile ni nzito kama magunia, na zilikuwa kumi na moja. Jumatatu chumba kilifunguliwa. Shangazi alivaa koti, akagusa beji kifuani, akamtazama dubu, kisha mimi. Nikainua mikono yote miwili, mitupu.

"Vizuri," alisema. "Mwite mgonjwa wa kwanza."