Joto la Yai la Maloti

"Dada, mtu mzima kutwa unapiga picha tai, huna kazi?" jirani alimwuliza Limpho siku moja.

Limpho alicheka tu. Kazi alikuwa nayo. Ile kamera ya Nikon alinunuliwa na Idara ya Usalama, alinde mpaka na viota vya tai katika milima ya Maloti, Lesotho.

Asubuhi hiyo lenzi ilimwonyesha kiota kitupu. Juu ya jabali, tai mwenye ndevu alizunguka bila kutua.

Yai limeibwa. Na jozi ile ya tai ndiyo pekee iliyobaki pale.

Akashusha lenzi. Bondeni, kwenye theluji, mpanda farasi alielekea mpakani. Akampiga picha, akaikuza.

Mkono mmoja ulikumbatia kifua, na mistari ya blanketi lake ilikuwa imelala.

Msotho huivaa ikiwa wima. Ukiilaza, husemwa, unajizuia kukua; hata mtoto anajua.

Akabonyeza redio, akamwita mkuu wake "bwana" kwa Kisotho. "Ntate Lebona, mwizi ni mgeni. Yai liko kifuani, analitunzia joto."

"Asivuke," mkuu wake akajibu. "Polisi wanakuja. Lakini likivunjika tumekwisha, mama."

Land Cruiser yake ikapita barabara ya juu, ya mkato. Limpho alimkuta yule mgeni kwenye duka la mpakani, karibu na jiko, jasho linamtiririka, blanketi hajalilegeza.

Limpho alimwomba Mungu kimoyomoyo. Akaketi mbele yake, akatoa bastola yake ya Beretta.

Mgeni akaweka ngumi kifuani. "Sogea uone. Nalipasua."

Limpho akamwambia kwa upole alipasue tu. Tai mama alilikimbia tangu juzi, baridi ikaliua. Akamgeuzia kamera: kiota, theluji tupu.

"Umebeba jiwe, ntate. Tajiri aliyekutuma atakucheka mpaka alie."

Mgeni akababaika. Akatumbukiza mikono yote miwili kifuani, akalitoa yai, akaliinua dirishani kwenye mwanga.

Ndani, kivuli kidogo kikacheza.

"Mzima," akanong'ona.

Ndipo alipohisi chuma cha bastola chini ya kidevu. Mikono yote miwili ilikuwa juu, imejaa.

"Najua," Limpho akasema. "Nipe. Taratibu."

Akalipokea kwa mkono mmoja, akalitia ndani ya blanketi lake mwenyewe, likagusa ngozi. Lilikuwa la moto bado.

Polisi wakaingia na pingu. Redio ikakoroma: wapandaji wa kulirudisha yai kiotani wako chini ya jabali na kamba, na tai bado anazunguka.

"Kunywa chai kwanza, mama," mwenye duka akambembeleza. "Baridi ni kali."

Limpho alikaza blanketi kifuani, akafungua mlango kwa bega, akatoka kuelekea jabalini.