Yule wa Mwisho Kwenye Bomba

Hadithi hii aliisimulia kwanza mama yetu mdogo, mshonaji, mwaka aliouza cherehani yake. Kabla ya hapo, akiulizwa habari za binti yake, alijibu "yupo," kisha akauliza kama chai imechemka.

Enzi hizo alikuwa akishonea shule ya dada yake ya baleti, ile ngoma ya Kizungu inayochezwa kwa ncha za vidole vya miguu. Cherehani ilikaa pembeni ya ukumbi, naye kutwa alishona riboni za viatu vya ncha na kupunguza viuno vya magauni, maana wanafunzi walikuwa hawali wakashiba. Dada mtu ndiye aliyekuwa mwalimu. Watoto walimwita Rula, kwa kuwa alikuwa mwembamba, amenyooka, na kazi yake ni kupima wenzake. Ujanani alicheza jukwaani, safu ya nyuma, akiwa amezibwa na mti wa karatasi, na kwa sifa ya mti huo akajipa haki ya kumdharau kila mwenye miguu.

Shule ilikuwa na shabaha moja: kutoa mtoto atakayechukuliwa na kundi kubwa la jukwaa. Wazazi waliamini hivyo, wakaleta watoto wao watukanwe. Mwaka ule macho yote yalikuwa kwa binti wa mshonaji, aliyeitwa Unyoya kwa wepesi wake. Mwisho wa muhula wakaguzi wa kundi wangekuja kumtazama.

Rula alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kwenye bomba la ukutani, lile wanaloshikilia wanafunzi wakinyoosha miguu, aliacha nafasi ya mwisho wazi, na mtoto akikosea alimwonyesha pale.

"Mtazameni yule wa mwisho," alikuwa akisema. "Hayupo, na bado anasimama vizuri kuliko nyinyi."

Mara ya kwanza watoto walicheka. Baadaye wakawa wanatazama. Sifa zote za ukumbi ule zilikwenda kwa hewa: mgongo wa yule, shingo ya yule, yule hatoki jasho kama punda. Walio hai waliambulia mabaki.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Watoto waliruka wakatua pamoja, kishindo kimoja, na nyuma yake kikaja kingine, chepesi, kama mtu anayeweka kikombe mezani kwa adabu. Mshonaji akainua mguu kwenye cherehani, akasikiliza. Pale mwisho hapakuwa na mtu, ila bomba lilikuwa likitikisika. Alipomweleza dada yake, aliambiwa ashone, masikio yake yameharibiwa na mashine.

Kisha ikaja harufu, ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Halafu nyayo. Wanafunzi hukanyaga unga wa ulimbo kwenye sanduku ili wasiteleze, na nyayo zao nyeupe huzagaa sakafu nzima. Asubuhi moja, kabla mtoto yeyote hajavaa viatu, palikuwa na nyayo zilizotoka sandukuni hadi nafasi ya mwisho. Za kurudi hazikuwapo. Rula alizitazama, akasema walau huyo anajua kupanga miguu.

Jioni ile mshonaji alikuwa akimwosha Unyoya miguu, malengelenge yamepasuka, mtoto akanong'ona: "Mama, yule wa mwisho ananiuliza kama miguu inaniuma."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia inauma. Akasema yeye haimuumi kwa sababu hana." Akaitoa miguu majini. "Anaomba yangu."

Mshonaji akamkokota dada yake hadi kwa mganga, mama mmoja mnene aliyefanya kazi zake sebuleni huku televisheni inaongea. Mganga aliwasikiliza, akapunguza sauti ya televisheni, na kwake hilo lilikuwa jambo zito.

"Jini huyu hamkutupiwa," akamwambia Rula. "Umempa nafasi, ukamsifu kila siku. Hata mbwa wa jirani ukimsifu hivyo atahamia kwako."

Dawa yake haikuwa na moshi wala kombe la kunywa. Yule anayetakwa na jini asimame pale pa mwisho, acheze, na aliyetoa sifa azirudishe kwa aliye hai, kwa kinywa chake, bila kupunguza. "Mwambie amefanya vizuri, ukomee hapo."

Rula akacheka. "Ni hilo tu?"

"Ndilo litakalokushinda, mama."

Kesho yake alasiri Unyoya akasimama mwisho wa bomba, muziki ukawashwa, na mshonaji, aliyekuwa ameshika mkasi bila kujua ameushikia nini, akaona kwenye kioo mwanawe akiinua mguu, na nyuma ya mkono wake juu ya bomba mkono mwingine, mrefu, usio na kucha, ukisogea pole pole kila mtoto alipovuta pumzi, ukisogea tena, huku harufu ya maua yaliyooza ikijaa ukumbini hata wadogo wakaziba pua na hakuna aliyethubutu kulia, hadi muziki ukakatika na vidole vile vikawa vimebakiza upana wa uzi tu kumgusa.

Rula akafungua kinywa. Ilimchukua muda, kama mtu anayetapika mfupa.

"Umefanya vizuri," akasema.

Harufu ikakatika. Mkono ukarudi nyuma. Mshonaji akaweka mkasi chini. Rula angefunga kinywa chake pale, yangekwisha. Lakini macho yake yalikuwa yameshateremka sakafuni.

"Lakini kisigino cha kushoto," akasema. "Yule asingekiinua."

Unyoya akageuka. Mgongo ulikuwa umenyooka kuliko siku zote, na jasho la paji la uso likakauka mama yake anatazama. Jioni alimwosha miguu. Hapakuwa na lengelenge hata moja, wala joto.

"Inauma?"

"Haiumi," mtoto akajibu kwa upole. "Asante, mshonaji."

Wakaguzi walimchukua siku ya kwanza. Rula alilia kwa furaha mbele ya wazazi, na hakumtajia kosa tena.

Katika hao, mganga amefariki. Rula yu hai, bado anafundisha. Nafasi ya mwisho ameijaza ndoo na mafagio. Mshonaji yu hai, anakaa kwetu, macho yamepungua. Unyoya anacheza. Picha zake hutufikia, na miaka yote hii sura ni ileile ya alasiri ile. Mama yake, ukimuuliza kama binti yake yu hai, hujibu, "Yupo."